Wifi na Kopa la Maziwa

Wifi yangu, mke wa kaka, ni mtu wa maneno machache na kichwa kigumu. Alikuwa muosha vyombo kwenye mgahawa mpaka sabuni ikamla vidole. Basi msichana wa mashine ya kahawa akaacha kazi, na msimamizi akatangaza jikoni: atakayemimina kahawa ya maziwa yenye kopa la povu juu, moyo kama wa karata, kopa linaloonekana kopa kweli, Ijumaa mbele ya macho yake, nafasi ni yake. Wenzake wakacheka. Wifi akajifunga kibwebwe.

Akaazima kwa shoga yake mashine ndogo kuukuu, akaiweka mezani tunapokatia mboga. Amani ikatutoka. Mrija wa mvuke ulilia kama paka aliyekanyagwa mkia, na maziwa yakatoka na povu la dobi: limesimama juu, kavu, maziwa yako chini, hayajuani. Akimimina, kwanza yanatiririka majimaji, halafu bonge zima linaanguka puu!

"Hilo nini?" kaka akauliza, akichungulia kikombe.

"Kopa."

"Mimi naona sufi imetoka kwenye mto."

"Kunywa, usiongee."

Akanywa. Sote tulikunywa makosa yake mpaka matumbo yakalalamika.

Alizamisha mrija chini kabisa, maziwa yakachemka bila povu. Akauinua, yakamrukia usoni. Mwishowe akapapata mahali penyewe: ncha imezama kidogo tu, sauti ni ya karatasi inayochanwa taratibu. Nikasema leo tumepona. Wapi! Kabla povu halijalainika, jagi tayari linaunguza mkono.

"Wifi, achana nayo," nikamwambia. "Kwani sinki limekukosea nini?"

Akaninyooshea vidole, vimechanika kwenye viungo. "Viulize hivi."

Nikamsogezea jagi.

Alhamisi akashika jagi kabla hata hajawasha mashine, akatulia. Lilikuwa vuguvugu. Nyumbani kwetu maziwa hayakai dakika mbili bila kuchemshwa. Mama yangu huyachemsha yakifika tu, huyafunika, na kila mtu huchota sufuria ileile jikoni. Wifi naye alikuwa akichota humo siku zote. Mvuke ulikuwa unayakuta yameshafika nusu njia ya kuchemka! Kule mgahawani, kutoka kwenye sinki, unaona vikombe vinavyorudi tu. Huoni maziwa yanavyotoka kwenye friji.

"Mama," akasema kwa heshima, "naomba yangu yaende kwenye friji."

"Nimeyachemsha, uyapoze, kisha uyachemshe tena?"

"Ndiyo, mama."

"Huo wazimu."

"Ndiyo, mama."

Akayachuja, ule utando wa juu akamwachia mama, maana mama anaupenda kuliko sisi wanawe. Hapo ndipo ubishi ulipoisha.

Jioni akayatoa yakiwa baridi. Safari hii mvuke ulipata nafasi ya kufanya kazi. Povu likang'aa kama rangi mbichi ya ukutani. Akaligonga jagi mezani, akalizungusha, akausogeza mdomo wa jagi karibu kabisa na kahawa. Weupe ukakaa juu. Akaukata katikati kwa mstari mwembamba. Kopa! Limeinama upande, lakini kopa.

Ijumaa tulimngoja kama tunangoja majibu ya hospitali. Akarudi, akakaa, akatusimulia. Msimamizi alisimama amekunja mikono. Wifi akamimina haraka mno.

"Hiki kitunguu," msimamizi akasema.

"Kweli kitunguu," wifi akamjibu. "Nipe maziwa mengine. Ya baridi."

"Nani kakwambia kuna mara ya pili?"

"Hujasema ni mara moja."

Wenzake wakaacha kucheka. Msimamizi mwenyewe akafungua friji.

"Ikawaje?" kaka akauliza.

Wifi akatoa mfukoni glovu zake za mpira za kuoshea vyombo, akamtupia kifuani.

"Jaribu kama zinakutosha," akasema. "Vyombo vya leo viko kwenye karo."