Kiti cha Dirishani

Bibi hakwenda Meksiko kutazama magofu. Alikwenda kupanda treni. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu hapa nyumbani, mtaa wa Bausher, Maskati, kila mgeni anayekuja hutuuliza habari za magofu tu, kama vile tulikwenda kuyanunua.

Mama yangu ni daktari wa meno. Alialikwa kwenye mkutano wa madaktari wenzake katika mji mmoja wa pwani kule Meksiko, na kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa, akasema atanichukua. Siku anayatangaza hayo, Bibi, mama yake baba, alikuwa kaketi anachambua mchele kwenye sinia. Akauliza bila kuinua kichwa, "Huko kuna treni?"

Mama akatazama kwenye simu. Ipo, akasema. Inaondoka asubuhi na watalii, inawapeleka msituni kwenye mji wa kale wa Wamaya, watu wa asili wa nchi ile waliojenga piramidi za mawe, na jioni inawarudisha. Mwongozaji anakuwa nao siku nzima.

"Basi na mimi nnakwenda," Bibi akasema, akatupa kijiwe alichokiona kwenye mchele.

Sisi Maskati treni ya abiria hatuna. Tuna gari, hata mkate wa dukani unaufuata kwa gari. Mara ya mwisho Bibi kupanda treni alikuwa mtoto mdogo, huko Tabora alikozaliwa. Kisa chenyewe alinihadithia tulipokuwa tunafunga mabegi. Walikuwa wanahama moja kwa moja, kutoka Tabora mpaka Dar es Salaam kwa treni, kisha kwa meli mpaka huku. Yeye alikaa dirishani. Treni ilipoanza kusogea, shangazi yake aliyebaki alikuwa amesimama chini stesheni analia, na mama yake Bibi, ili watoto wasimwone, akainuka akavuta kile kibao cha dirisha akakifunga. Hakikufunguliwa tena mpaka wanafika.

"Nchi yote ile nimeipita kama nimo ndani ya sanduku," akasema. "Nasikia magurudumu tu. Safari hii n'takaa dirishani, nitazame mpaka nichoke mwenyewe."

Mimi nikaitikia, kama mtu anayeitikia jambo jepesi.

Tatizo ni kwamba mimi ni mtu wa haya. Si haya za adabu zile anazosifiwa msichana mbele za wageni, ni haya za kukosa sauti. Darasani jibu nnalo na mkono hauinuki. Hata pale Azaiba kwenye duka la karak, chai nzito ya maziwa, ambapo unapiga honi ukaletewa chai garini, mimi huinamia simu nikamwacha kaka yangu aagize. Mama analijua hili, na nadhani alikusudia. Usiku wa kuamkia safari alisema, "Kesho wewe ndiye mdomo wa Bibi. Yeye Kiingereza hajui."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi nna mkutano."

Asubuhi nilimkuta Bibi amekwisha kupika kahawa kwa birika la umeme la hoteli. Kahawa na iliki alikuja nazo kutoka Maskati. Aliimimina kwenye chupa ya chai, akavifunga vikombe vidogo vya kahawa ndani ya leso, na juu yake akatia kopo la halwa.

"Bibi, huko kuna mkahawa."

"Nikae na watu siku nzima mikono mitupu?"

Stesheni tulipokewa na mwongozaji, dada mfupi mwenye mwavuli wa manjano, mchangamfu hata akanitia woga. Aligawa tiketi zenye nambari za viti, akasema nambari ni zile zile kwenda na kurudi. Tulipoingia ndani nikaona viti vinne vinavyotazamana, meza katikati. Viwili vya dirishani vilikuwa vya mzee mmoja na mkewe kutoka Kanada. Vyetu mimi na Bibi vilikuwa viwili vya upande wa njia. Bibi akaketi kando ya yule mama, mimi kando ya mzee. Hata hivyo dirisha lilikuwa kubwa, na mtu angeweza kuchungulia.

Treni ikaanza kwenda. Bibi akainyoosha shingo. Hazikupita hata dakika chache, jua likampiga yule mzee usoni, naye akanyoosha mkono akavuta pazia mpaka chini. Akafumba macho. Mkewe alikuwa anasoma kitabu.

Bibi alilitazama lile pazia. Alirudisha mgongo kwenye kiti, akaweka mikono yote miwili juu ya mkoba wake, akawa anasikiliza.

Nilijua la kufanya. Sentensi niliipanga kwa Kiingereza, nikaipanga upya kwa adabu zaidi, nikaona adabu imezidi, nikaanza tena. Samahani, bibi yangu angependa. Samahani, ingewezekana. Kila nilipofungua mdomo, ama mzee alikohoa, ama mwongozaji alipita na mwavuli wake, nami nikaufunga kwa furaha ya kupata sababu. Hivyo ndivyo tulivyofika. Bibi alikuwa amepita nchi ya pili ndani ya sanduku.

"Bibi, nilikuwa nataka kuwaambia."

"Haidhuru. Jua lilikuwa linamchoma mtu wa watu."

Magofu yenyewe nitayaeleza, maana ni mazuri, na haki yake yapewe. Piramidi ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha, kijivu, ngazi zake kali kama ukuta, na juu kabisa kuna kijumba. Imesimama kwenye uwanja wa majani, na pembeni msitu. Joto lake si kama letu. La Maskati linakukausha, lile linakukumbatia na kukulowesha. Mwongozaji alitupanga mbele ya ngazi akatwambia tupige makofi, tusikilize. Watu wakapiga, na jiwe likajibu kwa mlio wa ndege, kweli kabisa, mlio mwembamba unaoteleza. Wote wakacheka na kurudia. Mimi nilipiga makofi mara moja, kimyakimya, kwa vidole. Jiwe halikunijibu, na silaumu.

Kufika kwenye jengo jingine lenye mlango wa tao, Bibi akasimama kabla ya kuuvuka. "Hodi," akasema. Akangoja kidogo. "Hodi humu."

Mwongozaji akaniuliza anasema nini. Swali niliulizwa ana kwa ana, na kulikimbia sikuweza. Nikamwambia kwa sauti ya panya kwamba kwetu huingii nyumba ya mtu mpaka ubishe, hata mlango ukiwa wazi.

"Muulize wenyewe wako wapi," Bibi akasema.

Nikauliza. Mwongozaji akajigusa kifuani. Akasema wenyewe ndio wao. Mama yake anaishi kijiji cha karibu, na Kimaya ndicho wanachosema jikoni mpaka leo. Kihispania ni cha shule na cha kazi. Nilipomfasiria Bibi, aliitikia kwa kichwa taratibu, akamtazama yule dada kwa macho mengine. "Mwambie asante kwa kutukaribisha," akasema. Nikasema. Lakini hayo yote yalikuwa maneno ya Bibi. Mimi nilikuwa bomba tu, yanapita. La kwangu mwenyewe lilikuwa bado tumboni.

Tulirudi kwenye treni alasiri, viti vile vile. Pazia lilikuwa limeshafunguliwa na mtu wa usafi, na jua sasa lilikuwa upande wa pili. Nje kulikuwa na mwanga mzuri wa manjano. Lakini watu wawili wazima walikuwa baina ya Bibi na ule mwanga. Mzee alikuwa amefungua gazeti lake, ukurasa wote umeziba kioo.

Bibi akafungua leso. Akapanga vikombe mezani, akafungua kopo la halwa, akamimina kahawa, kidogo tu ndani ya kikombe, kama inavyomiminwa kwetu, akampa mzee kwanza, kisha mkewe. Walishangaa, wakafurahi. Mzee akakunja gazeti. Akanywa, akasifu, akarudisha kikombe. Bibi akakijaza tena. Akanywa, akarudisha. Bibi akakijaza.

Kwetu mtoto mdogo anajua: ukitosheka na kahawa, unakitikisa kikombe kabla ya kukirudisha. Usipokitikisa, unasema bado. Mwenye kumimina hakuulizi wala haachi. Ataacha vipi na mgeni anataka? Na mzee wa watu hakuwa akijua. Kila akirudisha kikombe kwa heshima, kilimrudia kwa heshima. Mkewe alikuwa mjanja, alikishika chake mkononi hakukiachia. Mzee alianza kuwa mwekundu.

"Mashaallah," Bibi akaniambia, huku anamimina. "Huyu mzee anaipenda kahawa kama marehemu babu yako."

Nilitaka kusema. Mzee akanywa kingine. Halafu akamwinamia mkewe, akanong'ona, nami nikasikia: "Nikikataa nitamvunjia heshima. Lakini moyo unanienda mbio."

Nikacheka. Sijui kicheko kilitoka wapi, kilinitoka puani kwanza. Wote watatu wakanigeukia, na kwa kuwa walikuwa wameshanigeukia na kicheko kimeshatoka, nikaona sauti nayo itoke tu.

"Kitikise," nikamwambia kwa Kiingereza. "Kikombe. Ukitosheka kitikise."

Akakitikisa kwa nguvu hata kahawa iliyobaki ikarukia gazeti. Bibi akaweka chupa chini papo hapo.

"Kumbe hajui," akasema. "Na wewe umekaa unamtazama anazama?"

Nikawafasiria, mkewe akacheka mpaka akavua miwani. Kisha, kwa wema, akaniuliza kama Bibi ameyapenda magofu. Hapo ningeweza kusema ndiyo, ameyapenda sana, ahsante. Ndilo jibu nililozoea kuwapa watu ili mazungumzo yaishe. Lakini nilikuwa bado na kile kicheko kifuani, nikasema kweli. Nikasema hakuja kwa magofu. Nikawaeleza Tabora, na shangazi aliyesimama stesheni, na kibao cha dirisha. Sikuomba kitu. Nilisema tu.

Mzee alilitazama dirisha, akalitazama pazia lililokunjwa juu. Akainuka kwa haraka, goti likagonga meza, vikombe vikalia.

"Umemwambia nini?" Bibi akauliza.

"Nimemwambia ulichokifuata."

"Nani kakutuma?" Uso wake ulikunjana, nikajua amekasirika kweli. "Mtu nimemnywesha kahawa yangu, halafu unamwomba kiti? Sasa atadhani nilikuwa namnunua. Mwambie akae."

"Bibi, keshasimama."

"Mwambie akae."

"Goti linamuuma, Bibi. Unamsimamisha."

Akamtazama mzee, amesimama kwenye njia, anashika goti na kutabasamu. Mtu akisimama kwa ajili yako kwetu huwezi kumwacha hivyo. Bibi akaguna, akakusanya baibui lake, akapita kwenda dirishani. Mzee akakaa pale alipokuwa Bibi, akavuta pumzi. Yule mama akataka kunipa na mimi kiti chake. Nikakikubali, tukawa tunatazamana mimi na Bibi, dirisha baina yetu.

Aliweka kiganja kwenye kioo. Msitu ulikuwa unapita, kijani na kijani, nguzo za umeme, ukuta wa mawe, msitu tena. Nilikuwa namtazama yeye zaidi ya nje. Sijui nilitegemea nini, pengine machozi. Alitazama kwa utulivu kama anavyotazama chungu kisiungue. Baada ya muda kidogo kope zikawa nzito. Kichwa kikaegemea kioo. Bibi akalala.

Nilitaka kumwamsha. Nilikuwa nimetoa sauti ya mwaka mzima kwa ajili ya kile kiti. Lakini alikuwa ametembea juani tangu asubuhi, na mdomo wake ulikuwa umefunguka kidogo kama wa mtoto. Basi nikatazama mimi. Niliona farasi mweupe kafungwa kwenye mti, na nyuma yake mtoto wa kike mwenye sare ya shule, anakula embe. Niliona mzee juu ya baiskeli, kuni zimemfunika, utadhani kuni zinajiendesha. Niliona nguo nyekundu za namna nyingi zimeanikwa kwenye kamba moja. Nilivishika vyote nisije nikavisahau.

Alipoamka, taa za mji zilikuwa zimeanza. Akajipangusa mdomo kwa pembe ya shela.

"Nimepitwa na nini?" akauliza kwa sauti ndogo, wenzetu wasisikie.

Nikamweleza. Nilisema mpaka treni inasimama, na sikumbuki kama niliwahi kusema mfululizo namna ile.

Wiki iliyopita walikuja wageni hapa nyumbani, wanawake wa mtaa wa Mabela, wawili kati yao wamezaliwa Tabora kama Bibi. Walipouliza habari za magofu, Bibi akasema, mawe makubwa, wenyewe wapo. Kisha akaanza ya treni. "Nilikaa dirishani," akasema, "nikaona farasi mweupe, namna hii, kafungwa kwenye mti. Nikaona mtu na baiskeli, kuni tupu." Mimi nilikuwa mlangoni na kahawa, najitayarisha kukimbilia jikoni kama kawaida yangu.

Mmoja wa wale wanawake akanigeukia. "Kweli, mwanangu? Au bibi yako anatupiga chuku?"

Wote wakanitazama. Bibi naye akanitazama.

"Kweli," nikasema. "Na nyuma ya farasi palikuwa na mtoto."

"Ee, huyo mtoto nimemsahau," Bibi akasema, akasogea kidogo kwenye mkeka kunipa nafasi. "Njoo ukae. Wahadithie wewe."