Fundi Rejeta na Mshipa wa Moyo

Mzee Filbert wa mtaa wa Gerezani amezibua rejeta za magari miaka arobaini, lakini mshipa wa moyo wake mwenyewe ulimshinda. Daktari alijaribu kuupanua kwa puto dogo, ukagoma, maana chokaa imeganda ndani kama jiwe.

Basi siku moja akaja karakanani Rinkal, mhandisi, mzaliwa wa Kisutu. Yeye na wenzake wanaunda uzi mwembamba wa kioo unaopeleka mwanga wa kupasua chokaa ndani ya mishipa, akaomba vijibomba vya rejeta vilivyoziba, aujaribie humo. Aliporudi kufuata mzigo wake, akakuta vinang'aa.

"Shikamoo mzee. Mbona umevisafisha? Mimi nilitaka uchafu wenyewe!"

"Marahaba. Binti, mteja hapewi kitu kichafu. Tangu nianze ufundi sijaombwa uchafu!"

Wakacheka. Filbert akamtafutia kingine, kimeziba hata sindano haipenyi. Rinkal akakitumbukiza majini, akausogeza uzi hadi kwenye chokaa, akawasha mashine yake ya mwanga. Tak, tak, tak, chokaa ikamomonyoka. Filbert akakinyakua kijibomba, akakigeuza juani kutafuta ufa. Hakuna hata mkwaruzo.

"Kwa watu lini? Mshipa wangu wa moyo nao umeziba hivi hivi."

"Bado, mzee wangu. Majaribio ni mengi, huenda miaka. Wewe dawa zako usiache."

"Siachi. Ila niandike wa kwanza kwenye orodha."

"Orodha yenyewe haipo."

"Si ndiyo uianzishe?"

Rinkal akacheka, akachomoa kalamu. "Haya, jina la baba?"