Vyungu Tulivyochoma Kabla ya Kukauka

Mwaka ule tulikula sombe bila chumvi. Ndivyo ninavyoujua; namba yake waulize waliosoma. Mwaka uliotangulia tulikula ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mpaka watoto wakawa wanawakata vichwa na kuvitupa kwa maringo. Mwaka uliofuata tulikula mahindi ya msaada kambini, ya njano, yananuka gunia. Huu wa katikati ulikuwa wa majani ya muhogo matupu. Hakuna mawese, hakuna chumvi. Unatafuna, unameza, na mdomo unakataa kuamini kwamba umekula. Barabara ya kutoka ziwani ilikuwa imefungwa na wenye bunduki, na chumvi yetu ilipita barabara hiyo.

Wajukuu wangu hapa Berea, Johannesburg, wakisikia habari hiyo wanacheka. Chumvi si iko spaza, kile kiduka cha pale chini, gogo, wananiambia, maana hapa bibi ndiye gogo, tena kwa Kiingereza, maana Kiswahili wanakisikia lakini hakiwatoki mdomoni. Siwagombezi.

Mimi nilikuwa mfinyanzi, na sioni haya kusema nilikuwa mzuri. Shule niliiacha darasa la pili. Udongo sikuuacha. Tulikuwa wanawake sita wa kazi hiyo kijijini kwetu, upande wa Kongo, juu kidogo ya Ziwa Tanganyika. Tuliuchimba bondeni, tukauchanganya na vigae vya zamani vilivyosagwa, tukaukanda kwa visigino. Kila mmoja alikuwa na alama yake, aliichora kwa mwiba chini ya mdomo wa chungu udongo ungali laini. Yangu ilikuwa mistari mitatu. Vyungu vyangu vilifika masoko ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kufika.

Chungu hakichomwi hovyo. Kinakaa kivulini majuma mawili, na wakati wa mvua hata matatu. Kisha kinapimwa kwa shavu. Kwa macho kinaweza kuonekana kikavu kama mfupa, lakini kikiwa bado na maji ndani, shavu litasikia ubaridi. Na kwetu mwanamke hakupima chungu chake. Alipimiwa na mwenzake, kwa sababu mwenye chungu ana haraka yake, na shavu lake litamdanganya. Mwenzako akisema bado, unakirudisha kivulini, na kama ni kununa unanuna. Mimi walinipenda na kunichukia kwa shavu langu. Sikumwonea mtu aibu.

Alhamisi moja tulikuwa tumekaa chini ya paa la nyasi tunasugua vyungu kwa kokoto za mtoni. Zawadi, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na minne na mdomo usiotulia. Alimwambia jirani yangu Sifa kwamba kile chungu chake kina tumbo la shemasi wetu, kilichobaki ni kukivika suruali. Sifa alicheka mpaka akaweka kokoto chini. Mtoto wake mchanga alikuwa mgongoni, na Faida, binti yake wa miaka minane, alikuwa anatutekea maji. Nilimwambia Zawadi aache kuchezea watu wazima, lakini na mimi nilikuwa nacheka.

Ndipo habari ikaja kwamba mwenye chumvi amepita njia ya mlimani na atakuwa sokoni Jumamosi. Kwetu chungu kilibadilishwa na kile kinachokijaza. Ukitaka chumvi, unaleta chungu, kinajazwa, unamimina chumvi yako kwenye kitambaa, unamwachia chungu. Hakuna asiyeelewa hesabu hiyo. Lakini vyungu vyetu vilikuwa na siku nane tu, na mvua ilikuwa imenyesha sita kati ya hizo. Hatukubishana sana. Tulisema tutachoma kesho yake.

Askari wa upande mmoja walikuwa wamepiga kambi shuleni, ng'ambo ya mto. Wa upande wa pili walikuwa milimani. Tulijua moshi mkubwa unaweza kutuletea shida, kwa hiyo mimi na Sifa tulivuka asubuhi kumwona mkubwa wao. Alikuwa kijana, ana macho mekundu ya kukosa usingizi. Tulimweleza kwamba tutachoma vyungu, ataona moshi, asidhani kuna watu wanachoma nyumba au wanaita wenzao. Alisikiliza vizuri. Akauliza, "Ni moshi tu?"

Nikamjibu mimi. "Ni moshi tu."

Tuliporudi tulipima vyungu kwa haraka, hakuna aliyeangalia vya wengine. Ilikuwa zamu yangu kumpimia mmoja wetu. Nilichukua chungu chake cha kwanza nikakiweka shavuni. Kilikuwa baridi. Cha pili, baridi. Vyote vilikuwa hivyo. Yeye alikuwa amesimama mbele yangu, anaangalia midomo yangu. Nyumbani kwake kulikuwa na watoto ambao hawajaonja chumvi miezi minne. Kwangu pia.

Nilisema vimekauka.

Tulipanga kuni na magome ya miti, tukaweka vyungu kifudifudi, tukafunika kwa nyasi. Zawadi alikuwa anatuletea nyasi kwa vitita. Moto ukishawashwa hauzimwi na hauchokonolewi. Ukimwaga maji unapoteza vyote. Tuliuwasha jua likiwa juu. Moshi ulipanda mweupe, ukanyooka. Ng'ambo ya mto hakuna aliyejali. Tulikuwa tumefanya kila kitu sawasawa, ndivyo nilivyojiambia.

Chungu cha kwanza kilipasuka.

Kama hujawahi kusikia, ni mlio mmoja, mkavu. Si kama fataki zinazopigwa hapa jirani, Hillbrow, mwisho wa mwaka. Zile zina mvumo. Huu ni bunduki kabisa. Vyungu vilivyokauka vizuri havipasuki, ndiyo maana pale shuleni hatukukumbuka kutaja mlio.

Tuliangaliana.

Cha pili. Cha tatu.

Sifa alisema, "Askari." Alimfungua mtoto mgongoni akampa mwenzetu, akakimbilia ukingoni akipunga kitenge juu, ili waone kwamba ni wanawake. Zawadi akamfuata. Nilimwita. Alikuwa na mbio kuliko sauti yangu.

Cha nne.

Walipiga kutoka shuleni.

Nililala chini. Uso wangu ulikuwa kwenye nyasi za moto wetu wenyewe. Milimani nao wakasikia, wakajibu, na risasi zikawa zinapita juu yetu pande zote mbili kama hatupo. Sijui ilichukua muda gani. Ukiwa umelala hivyo huhesabu.

Kisha kimya.

Sifa alikuwa kwenye maji, nusu. Zawadi alikuwa hatua mbili nyuma yake, ameanguka chali. Kitita cha nyasi kilikuwa bado kwapani.

Yule kijana, mkubwa wa askari, alivuka mto na watu wanne. Alisimama akaangalia maiti, akaangalia moto. Chungu kingine kikapasuka mbele yake, akaruka, na askari wake wakainua bunduki, kisha wakazishusha. Akanigeukia mimi.

"Mlisema moshi tu," akasema.

Walivuka wakarudi.

Watu wanadhani mtu analia. Mimi sikulia. Moto ulipopoa nilikwenda kutoa vyungu, kwa sababu vyungu hutolewa moto ukipoa, na mikono yangu haikujua kazi nyingine. Vyangu, vyembamba na vilivyowahi kukauka, vilikuwa vizima vyote. Nilivifuta majivu kimoja kimoja. Wenzangu walikuwa wanaosha maiti. Katika majivu niliona vigae vya vile vilivyopasuka, na kwenye kimoja alama nzima, kama ilivyochorwa. Nilivikusanya vyote kwenye kanga. Kabla jua halijazama nilivisaga kwenye jiwe letu mpaka vikawa unga, jinsi tulivyozoea kusaga vigae. Hakuna aliyeniuliza. Walidhani nimechanganyikiwa, wakaniacha, na vyao hawakuja kuvihesabu.

Tulizika Jumamosi alfajiri, haraka, bila mbao za jeneza. Baada ya hapo nilijitwika vyungu vitatu nikaenda sokoni. Mwenye chumvi alikuwepo. Usiku ule nilipika sombe yenye chumvi, nikawalisha watoto wawili waliobaki, nikala na mimi. Ilikuwa tamu. Hilo nalo sitalificha.

Mwezi haukuisha kijiji kikawa hakina mtu. Yaliyofuata yanafanana na ya watu wote unaowaona hapa: kambi, Zambia, lori, mpaka, Johannesburg. Mwanangu wa kiume alitangulia, akanivuta. Nimekaa jengo hilihili la Berea, ghorofa ya tano, miaka ambayo lifti imekufa ikafufuka ikafa tena. Udongo sijaugusa. Pale Newtown kuna vyungu sokoni, nimepita nimeviona, vimepakwa rangi. Niligonga kimoja kwa kidole nikasikia kimechomwa vizuri. Nikaenda zangu.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya kanisa, mwanamke alipanda ngazi mpaka mlangoni kwetu. Alikuwa mnene kidogo, amevaa vizuri, anahema. Nilikuwa nachambua maharage. Akasema, "Mama Zawadi."

Hapa mimi ni gogo, au mama mkwe, au yule bibi Mkongo. Jina hilo sikuwa nimeitwa tangu Zambia. Nilimjua kwa paji la uso. Alikuwa Faida wa Sifa.

Alikaa, nikampa chai. Alinieleza maisha yake, na mimi yangu, kwa ufupi, kama watu wanaosainishana karatasi. Kisha akafika kwenye jambo lake. Yule mtoto mchanga aliyefunguliwa mgongoni siku ile sasa ni mwanamume, anafanya kazi ya umeme huku Joburg, na anataka kuoa. Msichana ni mjukuu wa mmoja wa wale wanawake sita. Wazazi wa kijana hawapo, Faida ndiye wa kusema ndiyo au hapana. Alisema tangu utotoni anasikia kwamba mama yake aliuawa na vyungu vibichi vya mtu. Hawezi kupeleka mahari kwenye nyumba ya mtu huyo. Anataka kujua vilikuwa vya nani, na wote wanamwambia ni mimi tu ninayejua.

Nilimwambia ukweli wa upande wangu. Kwamba nilivipima mimi, vilikuwa baridi, nikasema vimekauka. Kwamba ni mimi niliyemwambia yule askari ni moshi tu. Alishika kikombe bila kunywa. Chai ikapoa mkononi mwake.

"Kuna wanaosema vilikuwa vyako mwenyewe," akasema.

Hilo lilinichoma. Uhai wangu wote hakijawahi kupasuka chungu chenye mistari mitatu. Ningeweza kumwambia. Nikarudia maharage yangu.

Akaanza kuwataja wenzangu mmoja mmoja, ili nikatae kwa kichwa tu. Nilijua ninachofanyiwa. Ningemkatalia wa kwanza, angekwenda kwa wa pili, mpaka libaki jina moja mezani, na binti wa watu angekosa mume kwa ajili ya udongo uliokandwa kabla hajazaliwa. Na mimi ningebaki mwepesi. Ningekuwa nimemtwika mwingine. Yule mwanamke alileta vyungu vyake vipimwe, kama desturi inavyotaka. Aliyepewa kazi ya kusema bado ni mimi.

Nikamwambia, "Chukua jina langu. La mwenzangu silitoi."

Faida aliweka kikombe chini. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa amebakiwa na jina moja ambalo hakuwa amelitaja, nikaliona linamjia usoni kabla halijafika mdomoni.

"Mama Zawadi," akasema, "vilikuwa vya mama yangu?"

Sikutikisa kichwa. Nilimwangalia kama nilivyomwangalia kwa majina yale mengine.

"Chukua jina langu. La mwenzangu silitoi."