Wiki tatu nilimlazimisha pitcher mstaafu asaini kwa mkono wa kulia

Wakuu, heshima kwenu.

Mnaosoma mkiwa kazini, chekeni kwa adabu maana bosi yupo. Hii sio chai, yamenikuta mwenyewe hapa London na mhusika yupo hai, anadunda.

Mimi ni carer. Naishi Ilford, ila mzee ninayemhudumia yuko Harrow, treni mbili. Nimuite Babu Walt. Ni Mmarekani, alioa Mwingereza akahamia huku.

Ujana wake wote alicheza baseball. Alikuwa pitcher, yule anayesimama katikati na kumrushia mpira mwenye gongo. Timu zake nyingi zilikuwa za miji midogo, za kusafiri kwa basi siku nzima. Ligi kubwa aliigusa msimu mmoja tu, bega likagoma.

Msimu mmoja wakuu, lakini watu hawajamsahau. Barua zinakuja kutoka Marekani, ndani kuna kadi yenye picha yake na bahasha ya kurudishia. Wanaomba autograph.

Hilo lilinimaliza kabisa. Utotoni Tanga nilikuwa na daftari la saini za wachezaji, nawavizia getini na bic yangu. Golikipa mmoja alinisainia huku anakula muhogo wa kukaanga, ukurasa ukabaki na mafuta, na ndio niliouringia kuliko yote.

Asiyekusanya ataona ujinga. Ila ile dakika moja mtu mkubwa kasimama kwa ajili yako, unaikunja unaondoka nayo nyumbani.

Sasa Babu akapata stroke. Upande wa kulia ukalegea, maneno yakabaki mawili matatu. Barua zikaanza kujaa kwenye boksi la viatu. Linda, binti yake anayeishi naye, akaniambia baba yake hajawahi kuacha barua bila kujibu, na hilo linamuumiza kuliko ugonjwa.

Nikasema niachie mimi.

Kila siku Linda akiwa kazini, namkalisha Babu mezani, namfungia kalamu kwenye vidole vya kulia. Kalamu inaanguka. Yeye ananyoosha mkono wa kushoto kuichukua, mimi naushusha taratibu, narudisha kalamu kulia.

Msinicheke. Kwetu kushoto hupokei kitu, hutoi kitu. Mama alikuwa anatugonga vidole kwa mwiko. Haikunipitia kichwani kwamba mtu mzima mwenye heshima zake anaweza kuandika kwa mkono ule.

Siku moja alinipokonya kalamu akaivurumisha. Ikapiga swichi ya taa ukutani, katikati kabisa, taa ikazima. Nikasema masikini, stroke imemletea hasira.

Baada ya wiki tatu nikamwambia Linda ukweli wangu, kwamba mkono umekataa. Aliniamini, maana mchana ni mimi ninayekaa naye. Akasema basi, Ijumaa nizirudishe kadi zote bila saini na tuwaombe watu wasitume tena. Babu alisikia. Siku hiyo hakugusa chakula.

Ijumaa nikakaa kufunga bahasha. Barua moja ilitoka kwa nesi mstaafu. Ana albamu ya mapitcher wote wa timu ya mji wake, imebaki nafasi moja tu, ya Babu.

Nikaitazama kadi yake. Kijana mrefu, glovu ya kudakia mkono wa kulia, mpira wa kurusha uko kushoto.

Nikadhani picha imechapwa kinyume. Lakini herufi za kwenye jezi zinasomeka vizuri. Kadi ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Wakuu, Babu ni mashoto!

Nikavuta kiti, nikaishikilia kadi ya yule nesi isiteleze, nikampa Babu kalamu kushoto.

Aliikamata barabara.

"Finally," akasema.

Yaani, hatimaye! Neno hilo sikuwahi kumsikia akilisema tangu atoke hospitali. Akasaini kwa mkupuo mmoja, W kubwa yenye mkia. Akadai nyingine. Na nyingine. Tulimaliza boksi zima, yeye anacheka, mimi nalia kama mjinga.

Linda alirudi akakuta meza nzima kadi zinakauka. Alisimama na koti lake, mkono mdomoni. Halafu akaniuliza, "Siku zote ulikuwa unampa mkono gani?"

Ikabidi niseme. Alicheka mpaka akakaa chini.

Nesi ameshajibu. Katuma picha ya albamu imejaa, na Babu kaniagiza kwa kidole niibandike kwenye friji.

Nilichojifunza: kabla hujamsaidia mtu, muulize yeye alikuwa anafanyaje. Wiki tatu nilijisifu kwamba mimi ni mvumilivu, kumbe mvumilivu alikuwa yeye.

Mashoto wa humu ndani, mliohamishwa mkono kwa fimbo, uwanja ni wenu. Nisemeni tu, leo sijitetei.