Mgeni Mpe Sifa Kwanza

Rafiki yangu, wewe nakuambia kwa sababu najua hutakimbilia kwa pasta kabla sijamaliza.

Miaka ile baada ya Uhuru nilikuwa naongoza kwaya ya kanisa letu pale Ndhiwa. Tuliitwa harusi na matanga, Homa Bay mpaka Migori. Kuimba haikuwa shida. Shida ilikuwa wageni. Kwaya ikisimama tu, mwanaume anatoka kwa benchi akifunga vifungo vya koti. "Mama, niingie kidogo. Besi yenu ni nyembamba."

Huyu ameimba Kampala, yule redioni, mwingine aliimbia gavana mzungu na gavana akalia. Hakuna aliyeuliza tunaimba nini. Mmoja aliingia kwa harusi Migori na wimbo wa mazishi, na akaumaliza, maana sauti yake ilitushinda. Bwana arusi akavua kofia.

Pasta akaniita. "Mama, Rodi Kopany wanafungua kanisa. Wakubwa wa misheni watakuja. Mgeni mmoja tena akiharibu wimbo, hii kwaya nafunga."

Sikulala vizuri. Sisi wamama tulijifunza kusoma kwa masomo ya jioni, tukiwa tumechoka na jembe. Nyumbani nani alitunyamazia mpaka tumalize kusema? Ni kwa kwaya tu watu walitusikiliza mpaka ubeti wa mwisho.

Nikafunga, nikaomba. Na Mungu akanionyesha kitu nilichokuwa naangalia kila siku: wale wanaume hawakutaka kuimba. Sisi Wajaluo tuko na pakruok. Kwa sherehe mtu anasimamisha muziki, anajisifu, halafu muziki unaendelea. Walipookoka, pombe waliiacha nje ya kanisa. Pakruok waliingia nayo, wameificha ndani ya besi.

Rodi Kopany, tumesimama tu, akaja mchuuzi wa samaki kutoka Sindo, suti ya sufi kwa hilo jua. "Mama, mwimbaji amefika."

"Karibu, jaduong', mzee wetu. Lakini hawa watu hawakujui. Si ujitambulishe kwanza?"

"Hapa kanisani?"

"Kwa ufupi."

Akageukia watu. "Mimi ndio mamba wa Sindo! Nikikohoa, samaki wanahamia Uganda! Mama yangu alizaa mara moja akasema, huyu anatosha!"

Benchi ya wamama ikapiga vigelegele. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Rudia hiyo ya samaki." Akarudia. Alipomaliza akapangusa uso.

"Sasa jaduong', unaingia besi?"

"Besi gani?" akasema, akaenda kukaa, ameshiba.

Akaja mwalimu, simba wa chaki. Akaja karani wa chifu, ndovu asiyepishwa njia, anapita tu. Kila mmoja nilimkaribisha kwa heshima, akajisifu, akarudi kwa kiti chake. Wakubwa wa misheni hawakujua Kijaluo. Walidhani ni ushuhuda, wakaitika amina.

Ndio tukaimba. Ubeti wa kwanza safi. Wa pili safi. Halafu nikaona pasta amesimama. Nikafikiri amefurahi. Kumbe anakuja. Akajisukuma katikati ya wanaume.

"Pasta," nikamnong'onezea, "hata wewe?"

"Kidogo tu, mama. Hii sauti nimekaa nayo miaka mingi."

Akaanza juu kuliko kila mtu. Sisi wimbo ulikuwa na beti tatu. Yeye akaingia wa nne peke yake, na hakuna hata mmoja aliyemfuata. Mchuuzi wa Sindo ndiye alimwokoa. Alipiga amina kubwa, kanisa lote likaitikia, tukaketi.

Sabato iliyofuata nikangoja kuambiwa kwaya imefungwa. Pasta alinisalimia mlangoni, akaangalia viatu vyake.

"Mama, mazoezi ni siku gani?"

"Jumatano, pasta. Na tunaanza mapema."

Basi tukaendelea kuimba, na mpaka leo tunaimba. Wewe ukimjua kiongozi wa kwaya, au hata wa hao wapiga gitaa, mwenye anasumbuliwa na wageni wa kuingia kidogo, msimulie haya. Naye amsimulie mwenzake. Pasta wetu tu ndio msimwambie, huo ubeti wa nne bado unamuuma.