Kipande cha Dhahabu Mdomoni mwa Barnabé

Matajiri wa Paris wakiiona saa ya Bwana Vautrel, ile yenye malaika wawili wanaong'aa, hubaki midomo wazi. Hakuna hata mmoja anayeuliza mng'ao ule umetoka wapi. Umetoka kifuani mwa Barnabé, basi.

Barnabé alikuwa fundi wa kupaka dhahabu katika karakana ya Bwana Vautrel. Dhahabu huchanganywa na zebaki ikawa kama uji mzito, ikapakwa kwenye shaba, kisha shaba ikawekwa juu ya makaa. Zebaki hutoka kama moshi, dhahabu hubaki. Moshi ule ni sumu, wote wanajua. Kwa hiyo mafundi wa kazi hiyo huweka kipande cha dhahabu mdomoni, kiudake moshi kabla haujafika kooni. Jioni hukitoa kimekuwa cheupe pe. Hukichoma kikarudi rangi yake, na kesho kazi ni ile ile.

Miaka yote Barnabé alikinyonya chake. Kilimsaidia nini, jamani? Meno yaling'oka, mikono ikatetemeka mpaka supu ikawa inamwagikia kifuani, vidole vikaingia ganzi. Ganzi nayo ikapanda hadi moyoni. Bwana Vautrel alipomwambia apumzike nyumbani, hakuhuzunika. Alikaa tu, kipande mdomoni kwa mazoea.

Wiki hiyo hiyo bintiye wa pekee, Mathurine, akajifunga aproni ya baba yake.

"Bwana Vautrel amenipa nafasi ya baba. Naanza leo."

"Weye! Una wazimu?" mama yake, Perrine, akaruka. "Humwoni baba yako alivyo?"

"Namwona. Na tutakula nini, mama? Malaika? Liwalo na liwe."

"Baba Mathurine, mkataze! Wewe ukisema hapana, hatakwenda."

Kweli, asingekwenda. Barnabé alilijua hilo. Akaitafuta hofu ndani yake, akaitafuta hasira, hakupata hata moja.

"Sema, mwanamume! Umekuwa gogo?"

Akaingiza vidole mdomoni, akakitoa kile kipande, akakifuta kwenye shati, akampa binti yake.

"Usikimeze," alisema. "Na usiongee ukiwa motoni."

Mathurine akakitia mdomoni, akatoka. Perrine akajitupa sakafuni, akalia kilio cha msiba. Barnabé alisikia mdomo wake mtupu. Hakusikia kingine.