Kiti Kinachotazama Nyuma

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na nyuzi za mkonge zilizolowa, usingizi hunijia, usingizi mtamu wa mchana. Ndiyo iliyokuwa harufu ya banda letu la Korogwe ya Zamani, enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Banda lilikuwa la miti ya mkonge, paa lake madebe yaliyokunjuliwa, na jua lilipenya kwenye matundu ya misumari likaangukia gari la mume wangu nukta nukta. Nilikaa humo nikishona, nikitazama zile nukta zikihama polepole kutoka kwenye boneti hadi kwenye usukani, na mara alasiri imekwisha, sijui imekwendaje.

Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana ya shamba la mkonge. Baba yake alitoka mbali magharibi kuja kukata mkonge, hakurudi tena, na mwanawe akakulia kambini pamoja na watoto wa kila kabila. Mimi ni Mzigua, nimezaliwa Chanika pale Handeni. Tulipooana nilimkuta tayari ana hilo gari, na nikaambiwa mapema kwamba mke mwenza wangu anakula mafuta.

Lilianza kama mzoga. Mzungu mmoja alilitumbukiza korongoni akishuka kutoka milima ya Vugiri, akasema atakayeweza kulitoa alichukue. Mume wangu na wenzake wakalivuta kwa kamba za mkonge. Injini aliipata kwenye chuma chakavu cha jeshi, akaiunganisha na giaboksi isiyoitambua kabisa, na wakati naolewa gari lilikuwa linatembea, ndiyo, lakini lilitembea likilia na kukohoa. Hakuridhika. Alikuwa na picha aliyoikata gazetini, gari la mashindano lililolala chini kama linanusa barabara, akaibandika ukutani juu ya meza yake ya kazi. Kuanzia hapo akalibomoa lote akaanza upya.

Alikata paa. Aling'oa madigadi. Alishusha springi hadi ukiwa umesimama unaweza kuweka kiwiko juu ya mlango. Mkia wake, ile bodi ya nyuma, aliufua mwenyewe kutoka kwenye pipa, juu ya gunia la mchanga, kwa nyundo ya mti, masika nzima. Mvua ikinyesha juu ya madebe na nyundo ikigonga chini yake, sikuweza kutofautisha ipi ni ipi. Mkia ulipokamilika ulikuwa wa mviringo kama kibuyu, hauna hata kovu moja. Akaupaka rangi ya buluu. Alikuwa akipita anaugusa kwa kiganja, na mimi nikimwona nilikuwa na wivu, nisidanganye.

Lakini safari hii gari lilikuwa na kazi ya kufanya. Mama yangu kule Chanika alikuwa anafungwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nyonga yake nayo ilikuwa mbovu, kupanda lori au basi hawezi. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona alinishika mkono akasema, "Mwanangu, nataka niione nyumba yako kabla giza halijanifunga. Nikishaiona, basi." Nilimweleza mume wangu nikilia. Akafuta mikono kwa matambara, akasema gari letu liko chini, mama hatapanda kitu, atakaa tu kama anakaa kwenye kigoda. Ataletwa kabla ya vuli.

Basi nami nikaingia kazini. Nilishona viti viwili vya turubai, nikavijaza nyuzi za mkonge nilizozichambua moja moja zisimchome mtu. Cha kulia cha dereva, cha kushoto cha mama. Kile cha mama nilikijaza mara tatu. Nilikuwa nakikalia nafumba macho, najaribu kuwa mwanamke mzee mwenye nyonga mbovu, na mara nyingine nilisinzia humo, nikaota tunapita juu ya mto bila daraja.

Tulikwenda Handeni asubuhi moja ya jua jepesi, ukungu bado umekaa juu ya Vugiri. Mpango wetu ulikuwa mume wangu amlete mama, mimi nifuate kesho yake kwa basi. Nywele zangu zilijaa vumbi jekundu na nilicheka njia nzima. Chanika yote ilitoka kutazama.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo nilipaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kutokuonana. Tangu harusi yangu, mama na mume wangu hawakuwahi kusimama uso kwa uso. Mume wangu akija, anapewa kigoda nyuma ya nyumba, anatoa shikamoo yake kupitia ukuta wa udongo, na mama anaipokea akiwa ndani. Mengine yote nilipeleka na kurudisha mimi. Nililelewa hivyo. Na bado, kwa miezi yote ile, nilikaa nikishona kiti cha mama yangu pembeni ya mkwewe, shibiri moja katikati yao, bila kuona tatizo.

Mama alitoka amejifunika kanga mpya. Mume wangu, kwa adabu, alichutama upande wa pili wa gari akijifanya anakaza nati ya gurudumu. Nikampeleka mama, nikaweka mkono wake juu ya kiti. Akakipapasa, akatabasamu.

"Laini," akasema. "Na yeye anakaa wapi?"

Nikausogeza mkono wake kidogo tu. Ukagusa kiti cha pili. Akauvuta kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Mwanangu! Unataka nipakatwe na mkwe wangu?"

Nilisema nitajibana katikati. Akasema hata ningekuwa mnene mara tatu, bado wangekuwa kwenye benchi moja. Mimi kuendesha sikujua. Majirani walikuwa wanasikia kila neno, na mmoja alikuwa ameshaziba mdomo kwa kanga asicheke. Mama akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Nyuma ya gurudumu mume wangu aliendelea kukaza ile nati mpaka ikalia.

Tulirudi wawili kwenye viti viwili. Nilikuwa na hasira, na kwa kuwa hasira yenyewe ilikuwa yangu juu yangu mimi, nilimtupia yeye.

"Fundi gani anatengeneza gari la watu wawili kama kitanda?"

"Na wewe Mzigua gani?" akajibu.



Nilipopoa nikamwambia dawa ni kukata mkia, aweke kiti nyuma. Alinitazama kama nimemwambia akate mguu. "Ule mkia siukati," akasema, akatoka. Akajaribu njia nyingine, akachora chini kwa kijiti, akapima, akafuta kwa unyayo. Wiki zilipita hivyo. Nilikuwa nikimpelekea chai bandani naikuta imepoa mezani, na yeye amekaa chini anautazama ule mkia. Nilimhurumia, lakini mama nilimhurumia zaidi.

Halafu akaja binamu yangu kutoka Handeni kuuza kuku. Katika kuzungumza akasema, bila kujua anasema nini, kwamba juzi mama alijimiminia uji pembeni ya bakuli, ukamwagika wote chini, naye akawa anakoroga bakuli tupu. Mume wangu alisikia akiwa mlangoni. Baadaye nikasikia msumeno wa chuma bandani, sauti nyembamba inayokwenda na kurudi, na nikajua. Sikwenda kutazama. Niliketi jikoni nikalia kwa ajili ya ule mkia, mimi niliyekuwa nauonea wivu.

Kiti kipya kilikaa kwenye jeraha la mkia, kikatazama nyuma. Mgongo wake ulipakana na migongo ya viti vyetu, na katikati akasimamisha ubao wa mvule mrefu hadi juu ya kichwa. Mle ndani mama angekuwa kama yuko chumbani kwake. Nikahamishia huko nyuzi zote za kiti cha kushoto, mimi nikabaki na magunia. Siku ya kuondoka nilimwona mume wangu anafungua skurubu za kioo cha pembeni cha kutazama nyuma. Akakiweka kwenye kopo la misumari.

"Utamwonaje anayetufuata?" nikauliza.

"Sitamwona," akasema.

Safari hii mama alipapasa kiti, akapapasa ubao, akagonga ubao kwa vidole kama anabisha hodi. Kisha akaketi. Majirani wakapiga vigelegele.

Nikikumbuka safari ile ni kama naiona kupitia maji. Tulikwenda polepole, gari la mashindano likitembea kwa mwendo wa ng'ombe. Mama alikuwa anaiona njia ikituacha. Vitu vikubwa aliviona bado, vile vyenye mwanga au vumbi. "Mwambie dereva kuna lori," alisema nyuma ya ubao. Nami nikamwambia dereva, ingawa alishasikia, na dereva akasogea pembeni. "Mwambie mama lori limepita," akasema. Tulikwenda hivyo masaa mengi, wote watatu tukisikilizana, na maneno yote yakipita kwangu. Tulipovuka mto Pangani nilisikia kichwa cha mama kikiegemea ubao. Nikadhani amelala.

Mbele ya uzio wetu mume wangu hakuingia. Alipita kidogo, akasimama, akatia gia ya kurudi nyuma. Hapo ndipo nilipomwelewa: tukiingia kawaida, mama angeitazama barabara na nyumba ikawa kisogoni kwake. Alitaka aingie akiiona. Nikaruka chini kufukuza kuku na kufungua kamba ya nguo. Gari likaanza kurudi, na mume wangu hana kioo, na kugeuza shingo kumtazama mkwewe hathubutu. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, jasho linamtoka. Nyuma yake palikuwa na mtaro, maji yake yaking'aa juani. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye kamba. Mdomo wangu ulifunguka lakini mama alinitangulia.

"Kushoto, baba," akasema. "Kidogo. Njoo. Njoo taratibu. Hapo, baba, simama."

Akasimama. Injini ikazimika. Tangu harusi yetu mama hakuwahi kumsemesha mkwewe hivyo.

Mama alikaa muda mrefu, kanga imemwanguka mabegani, ameielekea nyumba yetu ndogo.

"Naiona," akasema. "Mlango wenu wa buluu. Umependeza."

Mlango wetu ulikuwa wa mbao tupu, haujawahi kuonja rangi. Nilimtazama mume wangu. Bado alikuwa ametazama mbele, barabarani. Nilimteremsha mama, nikamwingiza ndani, nikampa maji. Tulipokuwa bado tunapumzika mkekani nikasikia kopo linafunguliwa nje, kisha brashi. Alikuwa anaupaka mlango rangi iliyobaki ya ule mkia.